Barabara Iliyokula Futi Tano

Nilimwahidi kwamba kabla hajaweka sahihi yake popote, nitamwambia ploti anayonunua ina futi ngapi, na kwamba nitamwambia mbele ya muuzaji, si pembeni. Alinitaka niyarudie maneno hayo, "mbele ya muuzaji", nikayarudia. Alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu, muuguzi katika zahanati moja hapa Kitengela, mzaliwa wa magharibi ya nchi, mwanamke aliyezoea kuuliza swali mara moja na kungoja jibu. Muuzaji alikuwa baba yangu.

Muuguzi hakunificha kwamba ndiyo sababu ya kunichagua. Mtu mwingine akipinga kipimo, alisema, ataambiwa ana wivu au ametumwa na dalali wa upande wa pili.

"Lakini wewe ni damu yake," akasema. "Wewe ukisema, atakosa pa kukushika."

Katika hilo alikosea, lakini wakati ule sote wawili tuliamini hivyo.

Kilichokuwa mashakani kilikuwa kijia. Mama yake mzazi alikuwa amepatwa na kiharusi na sasa aliishi katika kiti cha magurudumu, katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, kwa kuwa vyumba vyote vya chini vilikuwa maduka. Kila mara alipotakiwa kwenda kliniki, ilibidi atafutwe kijana wa bodaboda ambebe mgongoni kushuka ngazi, mama mtu mzima, mikono ikining'inia. Binti yake alikuwa ameapa kumjengea nyumba ya chini, na mchoro wa nyumba hiyo alikuwa nao tayari. Mchoraji alimwuliza ukubwa wa ploti, akajibiwa kuwa ni thumni ya ekari. Basi akaigawanya ekari kwa nane kama inavyopaswa, akapata ploti ya futi hamsini na tano kwa tisini na tisa, na ubavuni mwa nyumba akachora njia ya futi tano isiyo na ngazi hata moja, kutoka langoni hadi mlango wa jikoni. Hiyo ndiyo njia ya kiti. Muuguzi alinionyesha mchoro huo kwa kidole chenye harufu ya dawa, na kidole kilisimama palepale, kwenye futi tano.

Shaka yake ilikuwa imeanzia darasani kwangu, na lazima nieleze jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa nafundisha hisabati na sayansi katika shule moja ya binafsi. Nilitoka chuoni nikiamini, na bado naamini, kwamba mtoto anayeelewa umbali ni vigumu kudanganywa akiwa mkubwa. Lakini umbali wa vitabuni hauwagusi watoto. Nilipoandika ubaoni kwamba Mwezi uko mbali nasi kilomita elfu mia tatu themanini na nne na mia nne, darasa lilinitazama kwa adabu, jinsi watu wanavyomtazama mgeni anayeeleza habari za ukoo wake. Kilomita hazikuwa na maana yoyote kwao. Mtoto wa Kitengela huijua ploti kabla ya kuijua kilomita. Amekua akisikia ploti mezani, kanisani, dukani, na kwenye matanga. Kwa hiyo nikaamua kwamba tutakwenda Mwezini kwa vipimo vya mji wetu.

Niliwaambia hivi: chukua ploti ya thumni, ikate iwe utepe wa upana wa futi moja, uunyooshe utepe huo kuelekea juu. Utepe wa ploti moja ukiisha, unga wa ploti nyingine. Je, tutahitaji ploti ngapi ili tuufikie Mwezi?

Darasa lilileta majibu mawili. Nusu ya watoto walisema ploti elfu mia mbili thelathini na moja na mia sita hivi. Nusu nyingine walisema elfu mia mbili hamsini na mbili na mia mbili na kitu. Kwanza nilidhani ni uzembe wa kugawanya, nikachukua kalamu nyekundu. Kisha nikawaita mbele wawili wawili, na hapo ndipo nilipoelewa. Kundi la kwanza walichukua futi za mraba za ekari, elfu arobaini na tatu mia tano na sitini, wakazigawanya kwa nane, wakapata elfu tano mia nne arobaini na tano. Kundi la pili hawakuigusa ekari. Walizidisha hamsini kwa mia wakapata elfu tano, kwa sababu thumni, kwa kila mtu mzima waliyewahi kumsikia, ni hamsini kwa mia. Binti wa muuguzi alikuwa katika kundi hilo, naye alisimama kulitetea. Mama yake alikuwa ananunua thumni, na muuzaji mwenyewe alisema ni hamsini kwa mia. Basi iweje thumni iwe kitu kingine? Wenzake wa kundi la kwanza wakamzomea. Mmoja akamwambia kwamba hiyo yao si ploti, ni leso.

Niliwanyamazisha. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi. Mwezi haukuwa umesogea, na bado kati ya kundi na kundi kulikuwa na ploti zaidi ya elfu ishirini. Neno ndilo lililokuwa bovu. Mji mzima unatumia neno moja kwa vipimo viwili, kimoja cha kutangazia na kingine cha kukatia, na pengo lililo katikati hakuna anayelisikia kwa sababu kwenye ploti moja ni dogo. Ilibidi twende nalo hadi Mwezini ndipo lionekane.

Jioni ile mtoto alilipeleka jambo hilo nyumbani. Mama yake alinijia siku chache baadaye, na ndipo nilipotoa ile ahadi.

Baba yangu hakuwa mtu wa kubahatisha vipimo. Katika ujana wake alikuwa mshika cheni katika kikosi cha wapima ardhi waliokuwa wakiyagawa maranchi ya Kajiado, na yale aliyoyajua alinifundisha nikiwa mdogo kuliko wanafunzi wangu. Cheni moja ni futi sitini na sita. Cheni themanini ni maili. Ekari ni cheni moja kwa cheni kumi. Thumni ni cheni moja na nusu kwa futi hamsini na tano. Aliniimbisha mambo hayo tukitembea kwenda kanisani, na nilipokosea aliturudisha nyuma hadi kwenye mti fulani wa mgunga tuanze upya. Chuoni nilipopiga hesabu ya Mwezi kwa cheni, nikapata cheni milioni kumi na tisa na ushei, nilimpigia simu kumwambia. Alifurahi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka aliposikia hesabu yangu akafurahi.

Kikosi kile kilipovunjwa, yeye alianza kununua ardhi na kuikata. Ni haki yake. Lakini alipokuwa anakata, aliacha cheni akashika hamsini kwa mia, huku neno thumni akilibakiza kwenye kibao chake cha kutangazia ploti, kando ya barabara ya Namanga.

Kwa kuwa sikutaka kumvizia mzazi wangu, nilikwenda kwake kwanza. Nilimkuta sebuleni na mama yangu, nikamweleza: kuna mteja ambaye mchoro wake unahitaji thumni ya kweli, na ploti iliyo jirani na yake haijauzwa, sogeza bikoni za upande mmoja, zile nguzo za mpaka, futi tano, mambo yaishe. Hakukasirika mara moja. Alinieleza kwa upole kama anayemweleza mgeni kwamba ardhi ikigawanywa lazima itoe njia, na kwamba zile futi ninazozitafuta, barabara imekula.

Barabara imekula. Kila anayeuza ploti katika mji huu husema maneno hayo, na kila anayenunua huitikia kwa kichwa, kana kwamba barabara ni mnyama anayejulikana tabia. Nikamwambia kwamba barabara ya pale ilishatolewa kabla ya ploti kukatwa, iko nje ya bikoni, na nimeipima. Kitu kimoja hakiwezi kuliwa mara mbili. Hapo upole ukaisha. Akaniuliza ni nani aliyenilipia karo ya chuo, na kama nadhani ilitoka Mwezini. Mama yangu aliendelea kumenya viazi bila kutazama upande wowote. Nilipotoka nje, baba alinifuata hadi mlangoni.

"Mji mzima wanakuita Mwalimu wa Mwezi," akasema. "Mimi nilikuwa nakutetea. Sasa nimeacha."

Siku ya kuonyeshwa bikoni tulikutana kwenye ploti, upande wa kuelekea Isinya, mahali ambapo malori ya mawe yakipita vumbi linachukua muda kutua. Baba alifika kabla yetu. Alikuwa akisalimiana kwa Kimaasai na mzee mmoja aliyekuwa akipitisha mbuzi kati ya bikoni, akicheka naye kwa sauti ambayo nyumbani hatukuwa tunaisikia tena. Alipotuona, kicheko kilikatika. Muuguzi alimsalimu kwa heshima akimwita mzee, naye akaitikia; mimi nilipomsalimu hakunijibu.

Nilitoa tepu na kuinyoosha upande wa mbele. Ilikuwa hamsini. Muuguzi aliisoma mwenyewe, akainama akaisoma tena. Baba alimwambia kwamba ploti zote za pale ni hivyo, na wenzake wamejenga na wanalala usingizi. Kuhusu mchoro, alisema, mchoro ni karatasi tu, na karatasi hupunguzwa. Nyumba ipunguzwe.

"Nipunguze chumba cha nani, mzee?" akauliza muuguzi.

Baba akasema hayo ni ya fundi. Upande wa pili wa mpaka alisimama mtu aliyekwisha kununua na kujenga, mfanyabiashara wa mbao, amekiegemeza kidevu juu ya ukuta wake wa mawe ambayo hayakuwa yamepigwa lipu. Alikuwa ametusikiliza tangu mwanzo. Nilipoanza kukunja tepu, aliniita. Nilidhani anataka nimpimie.

"Mwalimu," akasema, "hiyo kamba yako isivuke huku. Ukipima ya huyu mama, utataka kupima yangu. Na mimi sitaki kujua. Niko na taito ya ardhi, niko na nyumba, niko na amani. Unataka kunipunguzia nini tena?"

Nilimweleza kwamba tepu haipunguzi ardhi. Akanitukana kwa Kikikuyu, tusi ambalo baba yangu alilielewa na muuguzi hakulielewa, na baba akatabasamu. Nimelitafakari tabasamu hilo mara nyingi. Wezi wachache wana bahati ya kulindwa na walioibiwa.

Baba akasema mengine tutayazungumza Kajiado, ambako karatasi zilikuwa zimeandaliwa kwa wakili. Alijua ninachokijua pia mimi: ofisini, mbele ya meza, mtu huona haya kubisha. Barazani kwa wakili tulikalishwa kwenye benchi moja, sote watatu, muuguzi katikati. Karani alileta karatasi, akaonyesha mahali pa sahihi kwa alama ya penseli, akasimama kando akingoja. Muuguzi alisoma ukurasa wote. Ukubwa ulikuwa umeandikwa kwa hekta, nukta na sifuri na tarakimu zisizomwambia mtu kitu. Kisha akaishika kalamu. Aliniangalia, na sikuhitaji kukumbushwa.

Nikamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba hiyo si thumni. Ni hamsini kwa mia. Upana umepungua futi tano, na futi tano hizo ndizo njia ya kiti cha mama yake. Baba alijibu bila kunitazama. Alimwambia karani, kama anayemsimulia kisa cha kuchekesha, kwamba kijana huyu alisomeshwa hadi akachanganyikiwa, sasa anapima Mwezi kwa ploti, na kwamba wenye akili wote wa Kajiado wanajua barabara imekula.

Sikuwa nimepanga kusema nililosema. Ahadi yangu ilikuwa imeshatimia.

"Basi tuulize barabara hiyo inakwenda wapi," nikasema. "Kila thumni uliyouza imepungukiwa na futi mia nne arobaini na tano za mraba. Huwa unajisifu kwamba umekata ploti elfu. Kata zile zilizopungua ziwe utepe wa upana wa futi moja, uziunge. Ni kilomita mia moja thelathini na tano. Ukipanda juu kilomita mia moja tu, anga imekwisha. Barabara yako imeshatoka duniani, Baba, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuipita."

Karani aliacha kutabasamu. Baba akamgeukia muuguzi.

"Basi akajenge huko juu," akasema. "Huko hakuna ngazi."

Karani akacheka. Nadhani hakujua maana yake. Alicheka kwa kuwa mteja wa ofisi alikuwa amefanya mzaha. Muuguzi alikiweka kifuniko cha kalamu mahali pake, akakisukuma mpaka kikalia, akailaza kalamu juu ya karatasi. Alizungumza na baba yangu kwa upole ule anaoutumia, nadhani, akiwaambia watu habari mbaya.

"Mzee, mimi nilikuwa naweka sahihi," akasema. "Hata na hamsini. Nilikuwa nimeshajiambia nitaiondoa stoo mchoroni ipatikane njia. Lakini umemcheka mama yangu."

Akainuka akaondoka.

Nataka jambo hilo lieleweke kama lilivyokuwa. Hesabu yangu haikumzuia. Ile barabara ya kilomita mia moja thelathini na tano, niliyoitamka kwa fahari ambayo mpaka leo siioni kuwa dhambi, ilimpita kama kilomita zilivyowapita wanafunzi wangu. Yeye alizuiwa na mzaha. Lakini mzaha ule ulitoka mahali palepale hamsini ilipotoka: kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba pungufu la mwenzake ni kitu kidogo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa baba kama kawaida baada ya kanisa. Lango lilikuwa limefungwa kwa ile cheni yake ya zamani ya upimaji, yenye pete za waya na vibati vya shaba vya kuhesabia, ambayo miaka yote ilining'inia nyuma ya mlango wa stoo. Alikuwa ameizungusha kwenye vyuma na kuitia kufuli. Mama yangu alikuja hadi langoni akanipitishia chakula kwenye bakuli juu ya ukuta. Akasema baba ameagiza nile nikiwa nje, kwa kuwa ndani barabara imekula nafasi yangu. Hakusema kama anakubaliana naye. Nilikula nimesimama, nikarudisha bakuli. Sijaingia humo tangu siku hiyo, na siku hizi napanga chumba upande ule mwingine wa mji.

Ploti ilinunuliwa na mtu mwingine kabla ya mvua. Amejenga ukuta hadi ukingoni, na kibao cha baba bado kinasema thumni.

Muuguzi alinijia shuleni mara moja tu baada ya hapo. Nilidhani amekuja kunishukuru, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kukataa shukrani. Alisimama nje ya ofisi ya walimu, bado amevaa sare. Alisema tangu siku ile amezunguka ploti nyingi, Kitengela yote, hadi Matasia, na kila mahali thumni ni hamsini kwa mia. Pengine ni arobaini kwa themanini, na bado wanaiita thumni bila haya. Kama nisingesema kitu, alisema, msingi ungekuwa umeshachimbwa.

"Mimi sasa niko na ukweli, mwalimu," akasema. "Lakini mama bado yuko juu."

Nilimwambia kwamba kosa ni la wauzaji. Akaniuliza kama wauzaji ndio watakaombeba mama yake Jumatano kwenda kliniki. Jumatano ile nilikwenda mwenyewe, na kila Jumatano ya kliniki huenda. Huinama mbele ya kiti, bibi ananishika shingo kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi, tunashuka. Hanipendi. Husema mabega yangu ni membamba na kwamba yule kijana wa bodaboda alikuwa bora. Binti yake hutufuata nyuma na kiti kilichokunjwa, wala hatuzungumzi habari za ardhi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako unayesoma. Ikiwa una ploti unayoiuza mahali popote kati ya Kitengela na Kajiado, chukua tepu, uipime upande wa mbele kabla hujaandika kibao. Ikiwa ni futi hamsini na tano, tafadhali mwambie mwalimu yeyote wa mji huu. Habari itanifikia.